Baada ya fiziotherapia: shajara ya mguu wa kulia wa Mama

Oktoba 2024

Mama ameruhusiwa. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, amempima mara ya mwisho, ameridhika, ametuandikia karatasi ya mazoezi ya nyumbani na kutuambia turudi baada ya miezi mitatu, au mapema zaidi tukiona jambo. Kiharusi kilimpata mwanzoni mwa mwaka, kikapiga upande wa kulia. Sasa anatembea kwa bakora, anaongea vizuri, anakula mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Kuanzia leo kazi ni yetu wa nyumbani. Nimefungua daftari hili ili tunachofanya kiandikwe, pamoja na kilichosaidia na kisichosaidia, na mwingine mwenye mgonjwa kama wangu apate pa kuanzia.

Mradi una malengo mawili, yote kayasema Mama mwenyewe. La kwanza, afike kwa miguu nyumbani kwa dada yake. Tunakaa Ngamiani, hapa Tanga, ambako barabara zina namba, na Mama Mkubwa yuko barabara nne mbele yetu. La pili, aswali chini. Tangu augue anaswali kwenye kiti, na anasema sujudu ya kuinamisha kichwa hewani haimtulizi moyo.

Vipimo vya kuanzia nimevichukua sebuleni. Mtaalamu alinionyesha viwili ambavyo mtu yeyote mwenye kiti na saa anaweza kuvifanya. Katika cha kwanza mgonjwa anakaa, anainuka, anatembea mita 3, anageuka, anarudi na kukaa, huku unahesabu sekunde. Kilichapishwa mwaka 1991 na bado kinatumika karibu kila mahali. CDC, taasisi ya udhibiti wa magonjwa ya Marekani, inasema mzee anayetumia sekunde 12 au zaidi yumo katika hatari ya kuanguka. Mama: 31. Cha pili ni kusimama na kukaa kwa nusu dakika, mikono imekunjwa kifuani. Kwa mwanamke wa miaka 71, kama Mama, chini ya mara 10 ni udhaifu. Mama hakuweza kuinuka bila kujisukuma kwa mkono, na kanuni ya kipimo inasema hiyo ni sifuri.

Mita 3 nimezipima kwa futi kamba ya fundi cherehani jirani na kuzichora sakafuni kwa chaki. Wajukuu wameambiwa wasiifute.

Novemba

Karatasi ya mazoezi iko ukutani. Kuinua goti, kusukuma kisigino, kunyoosha mkono, kutwa mara mbili. Mwanzoni mambo yalikwenda. Kisha akaja mgeni, kukawa na msiba mtaa wa pili, joto likazidi, na karatasi ikabaki ukutani. Nilipomkumbusha, Mama alisema kwa upole kabisa: "Mwanangu, hayo ya hospitali si nilishayamaliza?"

Nimelifikiria sana swali lile. Hospitalini zoezi lilikuwa na mwenyewe: mtu aliyevaa koti jeupe, siku iliyopangwa, wagonjwa wengine wakitazama. Nyumbani zoezi la kusukuma kisigino halina mwenyewe, na Mama amelelewa kufanya kazi ambayo mwisho wake unaonekana. Hatainua goti mara kumi ili goti liwe limeinuliwa.

Ndipo nikampigia simu mtaalamu wetu, nikamuuliza ni kitu gani ambacho Mama anakifanya kila siku, hata iweje, ambacho tunaweza kukiegemea. Akaniuliza: "Anaswali?"

Fardhi za siku ni rakaa 17: alfajiri mbili, adhuhuri nne, alasiri nne, magharibi tatu, isha nne. Mama alikuwa anaswali amekaa mwanzo hadi mwisho. Lakini anaweza kusimama, na mafundisho yanajulikana: uswali umesimama, usipoweza basi umekaa, usipoweza basi kwa ubavu. Kwa hiyo tumepanga hivi. Kwenye kila rakaa anasimama kwa kisomo na rukuu, kisha anakaa kwa ajili ya sujudu, kisha anainuka kwa rakaa inayofuata. Kabla hajagusa sunna hata moja, keshainuka kitini mara 17 kwa siku, kwa mpangilio, saa zile zile, na hakuna wa kumkumbusha kwa sababu adhana inamkumbusha.

Mtaalamu alikuja kumtazama, akarekebisha mambo madogo yenye uzito. Kiti cha mbao kisicho na matairi, mgongo wake umegota ukutani. Kiti kingine mbele cha kushika akiyumba. Na hili ambalo sikulijua: kabla ya kuinuka, unyayo wa kulia, ule dhaifu, uvutwe nyuma kidogo kuliko wa kushoto. Mtu wa kiharusi hujizoeza kuinukia mguu mzima tu, na mguu mbovu unabaki abiria. Ukiuweka nyuma kidogo, unalazimika kubeba. Nilishika paja la Mama wakati anainuka kwa namna ya zamani, likawa laini. Aliporudia unyayo ukiwa nyuma, nyama ya paja ilikaza chini ya kiganja changu.

Bado Novemba

Niandike kuhusu huruma, maana ndiyo inayoturudisha nyuma kuliko mguu wenyewe.

Nyumba yetu ina watu wengi na wote wanampenda. Akitaka maji, analetewa. Akigusa bakora, watu watatu wanasimama. Wageni wakiingia neno la kwanza ni "pumzika Mama, usijisumbue". Wengine wanamnyanyua kwa kumvuta mkono wa kulia, na bega la upande uliopooza halina misuli ya kulishikilia vizuri. Ukilivuta unaliumiza, na maumivu ya bega yanaweza kumkalisha mtu miezi. Hilo nimelikataza waziwazi, hata kwa wakubwa zangu, kwa adabu lakini bila kuzungusha maneno: ashikwe kiunoni, au asishikwe.

Tumekubaliana kama familia. Mtungi wa maji umehamishiwa upande wa pili wa sebule. Kikapu cha vitambaa kiko dirishani. Simu yake inachajiwa chumba cha nyuma. Anayemhitaji Mama amwite aje, asimfuate. Mke wa kaka yangu alilia siku tulipopanga haya, akaona ni ukatili, na ninamwelewa. Lakini mwezi haujaisha, na yeye ndiye aliyemwambia mjukuu: "Mwache Bibi achukue mwenyewe."

Kuhusu kuchua. Kila wiki analetwa mtu au chupa ya mafuta. Kuchuliwa kunampa Mama raha na usingizi, na sitamnyima. Ila anayefanya kazi pale ni mchuaji. Msuli wa Mama unapata nguvu ukifanya kazi wenyewe, kwa hiyo kuchua hakuingii kwenye hesabu ya mradi.

Januari 2025

Tumeanza kutoka nje.

Viatu kwanza. Kandambili zimeondolewa nyumbani kabisa. Ncha ya mguu wa kulia inaning'inia, na kandambili inamtaka mtu ang'ang'anie kwa vidole kila hatua, jambo ambalo mguu ule hauwezi. Tumemnunulia viatu vyepesi vya mkanda vinavyoshika kisigino. Bakora inakaa mkono wa kushoto, upande mzima; karibu kila mtu mtaani anadhani inatakiwa upande mbovu, na wapo waliomhamishia barabarani kwa nia njema. Kwenye ngazi za baraza, mguu wa kushoto unapanda kwanza, wa kulia unashuka kwanza. Mama anakariri: mzima apande, mgonjwa ashuke.

Presha inapimwa kabla ya kutoka. Tuliambiwa namba ya juu ikifika 180 au ya chini 110, siku hiyo hakuna mazoezi, na tuwasiliane na daktari. Kasi hatuipimi kwa mashine. Akiweza kuongea lakini hawezi kuimba, kasi inatosha. Akishindwa kumaliza sentensi, tunasimama. Kwa kuwa Mama anapenda kaswida, kipimo hiki tunakitumia kwa furaha.

Saa ni alfajiri, kabla kaskazi haijapasha barabara. Ngamiani ni tambarare, ndiyo maana Tanga baiskeli ni nyingi, na kwa mgonjwa utambarare huo ni neema. Neema nyingine ni baraza. Nyumba zetu za Kiswahili zina baraza mbele, na kutoka kwetu hadi kona ya barabara inayofuata zipo za kutosha kumpumzisha mtu kila baada ya nyumba chache. Nilizunguka kuwaomba wenyewe ruhusa. Hakuna aliyekataa, mmoja aliweka kiti kirefu kidogo kwa sababu aliona baraza lake ni fupi mno kwa mtu wa kuinuka kwa shida. Mama anatembea, anakaa, anasalimiwa, anainuka.

Muda: chama cha moyo cha Marekani, katika ushauri wake wa 2014 kwa waliopata kiharusi, kilitaja dakika 20 hadi 60 za mwendo, siku 3 hadi 5 kwa wiki, na kikaruhusu zikatwe vipande vya dakika kumi kumi. Vipande ndivyo vilivyotuokoa. Kumi alfajiri na kumi baada ya alasiri zinawezekana hata siku mbaya; ishirini mfululizo bado ni mlima. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka watu wazima wafikishe dakika 150 kwa wiki, na kwa wazee linaongeza mazoezi ya kusimama bila kuyumba na ya nguvu, siku 3 au zaidi. Hatujafika huko. Lakini mwongozo huo huo unasema kidogo ni bora kuliko hakuna, na maneno hayo nimeyaandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari.

Kipimo cha miezi mitatu, mbele ya mtaalamu: kuinuka na kwenda, sekunde 23. Kusimama bila mikono kwa nusu dakika, mara 4. Kutoka sifuri.

Machi

Ramadhani. Daktari alimwambia Mama asifunge, kwa sababu ya dawa za presha na umri wake, na amekubali kwa uzito. Nyumba nzima imebadilika saa. Alfajiri watu wanarudi kulala baada ya daku, mchana hakuna wa kumsindikiza, jioni jiko linawaka. Matembezi yamepungua karibu yote.

Tarawehe imeziba pengo. Anaswali nyumbani na wanawake wenzake, rakaa nane, na zile za ziada anakaa akichoka. Wiki ya kwanza alisimama chache. Kumi la mwisho alisimama nyingi kuliko alizokaa. Nilikuwa nyuma yake safuni na nilisikia pumzi yake akiinuka. Haikuwa tena ile ya kujikaza kwa sauti.

Aprili na Mei

Masika. Barabara za ndani zina madimbwi na utelezi, na mtu anayeburura ncha ya mguu hana kazi kwenye utelezi. Tumehamia ndani: ukumbi wa nyumba kutoka mlango wa mbele hadi ua wa nyuma, kwenda na kurudi, jioni wajukuu wakihesabu kwa sauti. Fundi ameweka bomba la chuma la kushikia chooni na lingine karibu na pipa la maji, kwa sababu choo chetu ni cha kuchuchumaa na pale ndipo wengi wanapoangukia. Juu ya tundu tumeweka kigoda cha mbao kilichokatwa katikati. Kazi ya nusu siku. Ningeshauri kila nyumba yenye mgonjwa ianzie hapo.

Mvua imetupa kitu ambacho sikukipanga. Mama alikuwa msusi wa mikeka. Kabla ya kuugua, ukili ulikuwa haukosekani mapajani pake, na tangu mkono wa kulia ulipokufa ganzi, ukindu ulibaki umefungwa juu ya kabati. Siku moja ya mvua, mpwa wangu aliuteremsha akitaka kufundishwa. Mama alianza kwa kuelekeza kwa mdomo. Mtoto akawa anakosea. Mama akauchukua.

Mwanasaikolojia Edward Taub wa Marekani alieleza kwamba baada ya kiharusi mtu hujifunza kutoutumia mkono dhaifu: anaujaribu, unamwangusha, anaacha, na kuacha kunaugeuza kuwa dhaifu zaidi ya ulivyopaswa kuwa. Tiba aliyoibuni inaufunga mkono mzima kwenye glovu sehemu kubwa ya siku ili mbovu ulazimike kufanya kazi, na jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2006 lilionyesha inasaidia kwa wale ambao bado wana mwendo kiasi kwenye kifundo na vidole. Mama hakuitaka glovu. Lakini ukili hausukwi kwa mkono mmoja. Kidole gumba na cha shahada vya kulia lazima vibane ubale wakati kushoto kunapitisha mwingine juu yake. Ukilegeza, msuko wote unafumuka.

Pima ya kwanza ya ukili ule ninayo hapa. Ukingo wa kushoto umenyooka, wa kulia unacheza, na kuna mahali nyuzi zimepishana vibaya akaacha hivyo. Alikuwa anasuka kipande kifupi kisha vidole vinakaza na ngumi inajifunga. Tunainyoosha taratibu, anapumzika, anarudi. Mwisho wa Mei ukingo wa kulia umeanza kubana. Hajawahi kuniuliza kama hilo ni zoezi, nami sijalitaja neno hilo mbele yake.

Juni

Homa. Malaria, imepimwa, imetibiwa, imepita. Lakini Mama alilala kitandani zaidi ya wiki, na alipoinuka alikuwa mtu wa Novemba. Kuinuka na kwenda: sekunde 27.

Aliumia moyo kuliko alivyoumia mwili. Alisema bora asingejitesa kutembea, kama homa moja inachukua yote. Nilimsomea nilichokijua: mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza wazee wenye afya zao, wasio na kiharusi wala homa, kitandani kwa siku 10, wakapoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Kumbe haikuwa adhabu yake peke yake. Kitanda ndicho kilichochukua, na kingemchukulia hata kijana kwa kiasi chake.

Kuanzia sasa kanuni ya nyumba ni hii: akiugua na daktari hajakataza, anakalishwa kitini kwa kila mlo, na kwenda chooni ni kwa miguu, na mtu ubavuni. Baada ya homa tumerudi na nusu ya tulichokuwa tunafanya, kisha tunaongeza kidogo kidogo. Kusubiri "apate nguvu kwanza" hatusubiri, maana nguvu zenyewe zinatoka huko huko kwenye kuinuka.

Agosti

Kusi linavuma, asubuhi ni baridi kwa kipimo cha Tanga, na Mama amefika kwa dada yake.

Alifika kwa miguu, bakora mkononi, mimi upande wa kulia nusu hatua nyuma, mjukuu na kigoda mbele. Alipumzika kwenye baraza kadhaa. Mama Mkubwa hakuambiwa. Alikuwa uani anaanua nguo, akasikia hodi, akajibu "karibu" bila kugeuka, na Mama akasema: "Dada, shikamoo." Walikaa hadi adhuhuri. Kurudi tulipanda bajaji, na sioni ubaya wowote; kwenda ndiko kulikuwa lengo.

Sasa anakwenda mara kwa mara, na mtu yeyote wa nyumbani anaweza kumsindikiza. Hilo kwangu ni kubwa kama lile la kwanza, kwa sababu mradi unaomtegemea mtu mmoja unakufa siku mtu huyo akisafiri.

Kuhusu kuswali chini. Mtaalamu alitushauri tupunguze kimo badala ya kumshusha mara moja. Kiti cha kawaida, kisha kifupi, kisha kigoda, kisha mito miwili juu ya mkeka. Kila kimo kinakaa hadi aweze kuinukia bila kushikwa. Kutoka chini anainuka hivi: anapiga magoti, mikono juu ya kiti kilicho mbele, mguu wa kushoto unaletwa mbele unyayo ukiwa wote chini, anaegemea mbele, anasukuma kwa kushoto na mikono, wa kulia unafuata. Tumelifanya hilo kila siku baada ya alasiri. Lina faida nyingine: akianguka akiwa peke yake, anajua namna ya kuinuka.

Septemba 2025

Sekunde 17. Nusu dakika, mara 8. Mtaalamu alisoma namba, akamwambia: "Mama, hongera, lakini kumi na mbili bado inakusubiri." Mama akamjibu kwamba ataifuata kwa miguu yake.

Dhuha na sunna za magharibi anaziswali chini, paji la uso likigusa mkeka, kiti kikiwa mbele cha kuinukia. Fardhi bado kigodani, kwa sababu kuinuka rakaa nne mfululizo kutoka chini kunamchosha hadi kuyumba, na kuyumba hatukukubali. Kifundo cha kulia hakijikunji vya kutosha kwenye tahiyatu; anakaa ameunyoosha mguu pembeni, na kila usiku tunaunyoosha kifundo kwa khanga iliyopitishwa chini ya unyayo, anaivuta mwenyewe kwa mikono miwili.

Kazi zilizo mbele. Kupanda daladala, ambako ngazi ya kwanza iko juu na konda hana subira. Tutaanza kwa kupanda na kushuka tofali zilizopangwa uani, na siku ya kwanza tutakwenda kituoni saa isiyo na watu. Vuli ikianza, ukumbi wa ndani urudi kazini mapema, tusisubiri hadi aone uvivu. Mtoto wa kaka amechukua zamu ya alfajiri kuanzia wiki ijayo, na nimemfundisha kupima presha na kuandika humu. Ukindu umekwisha, Mama ameagiza mwingine, wa rangi ya zambarau na kijani, na anasema mkeka huu ni wa Mama Mkubwa, atampelekea mwenyewe.

Kipimo kijacho ni Desemba.